Kuutafuta mfereji wa nne wa gego la kwanza la juu: zoezi la mezani

Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na hesabu huharibika hapo hapo: tabibu huona mizizi mitatu, akatafuta na kusafisha mifereji mitatu (mfereji ni njia nyembamba ndani ya mzizi, inayobeba palpu, yaani nyama laini ya jino), akafunga jino. Mzizi wa shavuni ulio mbele ni mpana na bapa, na katika magego mengi hubeba mifereji miwili. Ukiachwa wa pili, vijidudu hubaki ndani, na mgonjwa aliyetoka Micheweni hadi Chake Chake hurudi na maumivu yale yale. Kwa hiyo chukulia mifereji ni minne hadi jino lenyewe likuthibitishie ni mitatu. Jifunze kwanza kwa meno yaliyong'olewa, kabla ya kumlaza mtu kitini.

Humu “mbele” ni upande unaoelekea mstari wa katikati ya uso kwa kufuata safu ya meno, na “nyuma” ni kinyume chake.

1. Tayarisha meno

Kwa ridhaa ya wagonjwa, kusanya magego matano au sita yenye mizizi mizima. Yasugue, uyahifadhi katika sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji. Kabla ya zoezi yatie kwenye autoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto), nyuzi 121 kwa dakika 40. Jino lenye kijazo cha amalgamu lisitiwe kabisa, maana moto hutoa mvuke wa zebaki. Liloweke katika formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili.

2. Lisome kwa nje

Mzizi mnene na mrefu ni wa kaakaa. Katika miwili ya shavuni, ulio mpana ni wa mbele. Pitisha kucha ubavuni mwake upande wa nyuma na utahisi bonde. Kiambaza ni chembamba hapo, na ndipo panapotoboka. Tizama pia ncha ya mzizi wa kaakaa: mara nyingi imepinda kuelekea shavuni. Eksirei ya kawaida huuonyesha umenyooka, kwa kuwa mpindo umelielekea bomba la eksirei. Ndiyo sababu faili (kijisindano cha kukwangulia mfereji) la mfereji huo hupindwa kidogo nchani kabla ya kuingizwa.

Ukimaliza, pima urefu wa jino zima (aghalabu ni mm 20 hadi 22), kisha lisimamishe kwenye plasta.

3. Fungua chumba

Kutoka kwenye vilele vya jino hadi dari la chumba cha palpu, uwazi wa katikati ya jino mifereji inakoanzia, ni kama mm 6. Chumba chenyewe kina kimo cha kama mm 2 tu, na kwa watu wazima hupungua zaidi. Chini ya sakafu umebakiwa na kama mm 3 kufika mizizi inapoachana. Basi tia alama ya mm 7 kwenye keekee, na ukiifikia bila kuingia chumbani, simama upige picha.

Anzia kwenye kibonde cha katikati ya uso wa kutafunia, uielekeze keekee upande wa kaakaa, chumba kilipo kipana. Tuta linalokata jino kwa mshazari liache. Ukishadondokea ndani usichimbe chini tena. Ondoa dari kwa kuvuta kutoka ndani kwenda nje, kwa keekee isiyokata nchani.

Kosa la hapa ni moja kubwa: pembe za palpu zikitobolewa huonekana kama vidoti vitatu, na anayejifunza hudhani ni milango ya mifereji. Angalia rangi. Dari ni jeupe, sakafu ni ya kijivu. Ukiona weupe kati ya vidoti, bado uko darini.

4. Utafute

Pata kwanza milango mitatu, kisha fikiria mstari kutoka mlango wa mbele shavuni hadi ule wa kaakaa. Mfereji wa nne huwa juu ya mstari huo au mbele yake kidogo, mm 1 hadi 3 kutoka mlango wa shavuni. Hauonekani kwa sababu dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, imejitokeza juu yake kama baraza iliyojengwa ukutani, na mlango uko chini ya baraza.

Kausha, utizame kwa lenzi ya kukuza. Tone la hipokloraiti (dawa ya kuoshea, ya jamii ya jiki) likitoa mapovu mahali pamoja, palpu ipo chini yake. Methilini ya bluu, ile ya maabara, ukiitia na kuisuuza huacha mstari uliokoza.

Ondoa baraza kidogo kidogo kwa ncha ya ultrasoniki (inayokata kwa kutetemeka kasi) au keekee ndogo yenye shingo ndefu, ukielekea mbele, kamwe si nyuma. Jaribu faili namba 8 au 10, mpini ukitokea nyuma ili ncha iangalie mbele. Mfereji huanza kwa kulala hivyo kabla ya kunyooka, na anayesukuma wima hugonga kiambaza akasema umeziba. Ukishashuka mm 3 chini ya sakafu bila kitu, acha.

5. Je, inaungana?

Tia faili hadi mwisho katika mfereji mmoja, jingine katika wa pili. La pili likikwama, kisha likashuka ukilitoa la kwanza, mifereji imeungana.

6. Saga

Saga mzizi wa mbele kutoka nchani kwa msasa wenye maji, mm 1 kila mara, ukichora unachokiona. Utakuta utepe mwembamba wa palpu kati ya mifereji miwili. Faili haliufikii, kinachousafisha ni dawa ya kuoshea.

Gego la pili huwa na mizizi iliyobanana, pengine imeshikana, na mlango wa shavuni nyuma husogea karibu na ule mstari. Mizizi yake hukaribia sana uwazi wa taya la juu. Ukifika kwa mgonjwa, sindano ya hipokloraiti isikwame mferejini: icheze huru, na usukume polepole.