Pesa ya kwanza iende kwenye taa

Unaanza kuingia mapangoni? Nunua taa kabla ya kitu kingine. Beba tatu: moja ifungwe kwenye helmeti, mbili za akiba, na zote zitumie betri za aina moja. Tochi ya simu usiihesabu kabisa. Inakula mkono mmoja, na mkono huo utauhitaji kushika mwamba.

Helmeti iwe ya wapanda milima, yenye mkanda wa kidevuni. Ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio.

Kwa mapango ya lava kama ya Mlima Suswa, Kenya, vaa glovu nene, maana mawe yana makali. Popo wamo pia, na vumbi la kinyesi chao huweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu: barakoa ya N95 isikosekane.