Mgonjwa wa Ini Anapozimia: Namna ya Kumhudumia

Mgonjwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, akizimia huku anapumua, mlaze chali na uinue miguu yake. Akitapika au akikawia kurudiwa na fahamu, mgeuze alale ubavu. Kisha tazama matapishi na kinyesi: kinyesi cheusi kinachonata kama lami, au matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, huashiria kuwa huenda mishipa ya umio imepasuka, na hapo hakuna cha kusubiri; mpeleke hospitali hata kama ameamka na kudai kuwa hajambo.

Pasipo damu, chanzo mara nyingi ni shinikizo la damu kushuka. Ini linapoharibika, mishipa ya tumboni hutanuka na kushika damu nyingi, hivyo ubongo hupungukiwa anaposimama ghafla. Mpime shinikizo akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mjulishe daktari, ukimtajia dawa za kuongeza mkojo na propranololi (dawa ya kushusha shinikizo la damu) anazotumia mgonjwa, kwa kuwa huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. (Usizikatize mwenyewe.) Mkumbushe daktari pia kama mgonjwa alitolewa maji tumboni karibuni; yakizidi lita 5, kwa kawaida mgonjwa huongezewa albumini (protini ya damu) mshipani.

Mfundishe mgonjwa kuketi ukingoni mwa kitanda, akichezesha vifundo vya miguu kwa dakika moja au mbili, ndipo asimame. Akianza kuchanganyikiwa au akipata homa, usiseme ni uchovu tu: aonwe na daktari siku hiyo hiyo.