Ulizika mtoto, sasa unatarajia tena: panga unyonyeshaji kabla ya leba

Mimi ni mama wa Ujiji, nafanya biashara ya dagaa mwalo wa Kibirizi. Si nesi. Haya niliyakusanya nikiwa na mimba ya pili, baada ya kumzika binti yangu wa kwanza aliyezaliwa njiti, na mengi niliyapata kwa kumsumbua nesi wa kliniki mpaka akanizoea. Maelekezo ya kunyonyesha tunayopewa ni mazuri, ila yanamfaa mama asiye na kumbukumbu mbaya. Wewe unayo, na saa nane ya usiku mtoto akilia, hofu ndiyo itakayoshika usukani. Kwa hiyo amua mapema, mchana, ukiwa umekula.

Anza kwa kuuliza yule wa kwanza aliondoka na nini. Utaona kama halihusiani na maziwa, lakini mpango wote unategemea hapo. Beba karatasi zozote ulizobaki nazo, nenda kliniki, umwambie nesi au daktari akueleze kwa Kiswahili cha kawaida.

Kama alikuwa njiti kama wangu, jifunze kukamua kwa mkono, kulisha kwa kikombe, na kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanayoita kangaruu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 mara nyingi bado hajaweza kupangilia kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo maziwa yako yatamfikia kwa njia nyingine kwanza. Kama una kisukari, sukari ya mtoto inaweza kushuka mara tu anapozaliwa. Panga apimwe na aanze kunyonya bila kucheleweshwa. Kama unaishi na VVU, kunywa dawa zako bila kuruka, mtoto apewe dawa yake ya kinga, na anyonye maziwa yako peke yake miezi 6. Kumchanganyia na uji au maji mapema ndiko kunakomwongezea hatari. Kama ilikuwa maambukizi, mkazo uwe kwenye kunawa mikono, usafi wa kitovu, na kutompa kitu kingine mdomoni.

Na wapo walioambiwa hakuna sababu iliyojulikana. Kama ni wewe, usijitungie. Mtaani watakutungia wao: alibemendwa, au maziwa yako ni mabaya. Mimi niliambiwa yote mawili, na waliosema walikuwa wamekaa kwenye mkeka wa matanga yangu.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Maziwa hujaa baada ya kondo la nyuma kutoka, siku ya pili mpaka ya tano hivi, mtoto awepo au asiwepo. Mara ya kwanza yalijaa tukiwa tumeshatoka makaburini. Mara ya pili, matiti yalipoanza kuwa mazito, mwili wangu ulikumbuka kabla ya akili. Nililia huku mtoto yuko hai mapajani ananitazama. Likikutokea, usidhani umechanganyikiwa. Huzuni na woga vinaweza kuchelewesha maziwa kushuka mtoto anapoanza kunyonya, lakini havikaushi maziwa. Kaa, egemea ukuta, mtu akukande mgongo, mweke mtoto kifuani mkiwa ngozi kwa ngozi, subiri. Yatashuka. (Kama unasoma hapa ukiwa ndiyo kwanza umefiwa na matiti yanauma: usiyafunge kwa kanga kwa nguvu. Kamua kidogo tu upate nafuu, weka kitambaa cha baridi, yatapungua yenyewe. Ukipata homa au titi likiwa jekundu, nenda kituoni.)

Siku ya leba, usitegemee kadi. Kadi namba 4, ile ya kliniki ya wajawazito, ina sehemu ya mimba zilizopita na nesi wa kliniki huijaza, ila anayekupokea usiku ana akina mama wengine wanaosubiri. Sema kwa mdomo wako, au mpe kazi hiyo anayekusindikiza. Mimi nilimwambia shangazi aseme hivi: "Shikamoo nesi. Huyu wa kwanza alimzika. Tunaomba mtoto akitoka salama awekwe kifuani, anyonye ndani ya saa moja." Nesi aliitikia, "Marahaba, nimekuelewa mama," na kuanzia hapo kila aliyepokea zamu alikuwa anajua.

Yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, ni machache na yanatosha. Tumbo la kichanga siku ya kwanza ni dogo mno, vijiko vichache vinamshibisha. Mama aliyefiwa akiona matone tu anaingiwa na hofu kwamba mtoto anakufa njaa, na ndipo kopo la maziwa linapotumwa dukani. Subiri. Hakikisha kwanza ameshika titi sawasawa: mdomo umepanuka sana, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi kuzunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Ukisikia maumivu ya kubanwa yasiyoisha, penyeza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake, mtoe, anza upya. Mwite nesi aangalie akiwa ananyonya. Kuelezwa kwa maneno hakusaidii sana.

Ukijifungua kwa upasuaji, kunyonyesha bado kunawezekana, ila utahitaji mtu wa kukushikia mtoto.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Kichanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, usiku na mchana, na mama mwenye hofu hutaka kujua kila tone limeenda wapi. Huwezi kupima maziwa yaliyo kwenye titi. Pima yanayotoka. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na choo kimeshatoka kwenye weusi kuwa cha njano. Mimi nilikuwa na vikombe viwili dirishani na maharage: kila nepi mbichi, harage moja linahama kikombe. Jua likizama nahesabu, narudisha yote, naanza upya. Kuandika sikuweza, mikono haikuwa mitupu, na simu ilinivuta kusoma habari za kutisha.

Mizani nayo ina vitisho vyake. Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo. Aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kushuka gramu 200 na akawa mzima kabisa; wasiwasi ni akikaribia kupoteza gramu 300, yaani sehemu moja ya kumi, au akifika wiki mbili hajaurudia uzito wa kuzaliwa. Mpime siku za kliniki. Kuazima mizani ya dagaa na kumpima kila asubuhi ni kujitesa, nawajua waliofanya.

Hizi hapa hazingoji kuche: anakataa kunyonya au haamki kunyonya, anapumua mbio (mara 60 au zaidi kwa dakika) au kifua kinabonyea, mwili wa moto au wa baridi, degedege, manjano siku ile ile ya kuzaliwa au yaliyofika viganja na nyayo, kitovu kinatoa usaha. Nenda usiku huo huo. Nauli ya bodaboda na namba ya dereva anayepokea simu usiku viwe vimeshaandaliwa kabla hujajifungua. Ukifika ukaambiwa mtoto ni mzima, hujamsumbua mtu.

Panga pia nani anakesha. Mume wangu ni mvuvi. Usiku wa giza yuko ziwani na taa, mbalamwezi ikiwa kubwa analala nyumbani. Kwa hiyo tulichukua kalenda tukaangalia mwezi: usiku wa giza wifi yangu anakuja kulala kwangu, usiku wa mbalamwezi baba mtu ndiye anayembeua mtoto na kumbadilisha nepi, mimi nanyonyesha na kulala. Mama asiyelala huona hatari hata pasipo na hatari. Na ale: ugali wa muhogo kwa sombe (kisamvu) la mawese, maharage, supu ya samaki kuhe ikipatikana, mlo mmoja wa ziada kwa siku, na maji karibu na anaponyonyeshea.

Halafu kuna mama mkwe. Wangu ananipenda, na alimlilia mjukuu wake kuliko watu wengi. Ndiyo maana alikuja na kichupa cha dawa ya mchango. "Mwanangu, yule hatukumpa, ukaona yaliyotokea." Utambishia vipi mtu anayesema hivyo? Usimbishie. Nenda naye kliniki ukiwa bado mjamzito, umwache nesi amwambie kwamba miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hakuna maji, hakuna dawa ya mchango, dawa za hospitali pekee ndizo zinaruhusiwa. Halafu mpe kazi ya kweli. Wangu alipewa kumwogesha mtoto na kusimamia chakula changu, na kile kichupa sikukiona tena.

Uwe na mpango wa pili pia, bila aibu. Kuna mama maziwa hayatoshi kweli, kuna anayetumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, na kuna ambaye kila akimweka mtoto kwenye titi anarudi kwenye siku ya msiba na hawezi. Huyo wa mwisho aseme kwa nesi waziwazi. Kukamua na kulisha kwa kikombe kunaweza kumsaidia, na sonona baada ya kujifungua inatibika. Ikibidi maziwa ya kopo, yawe ya vichanga, si ya ng'ombe wala ya unga wa chai. Maji yachemke, uyatumie yakiwa bado ya moto sana ndani ya nusu saa, vijiko vifuate maelezo ya kopo bila kupunguza ili lidumu, kisha poza kabla ya kumpa. Kikombe kidogo ni rahisi kukisafisha kuliko chupa ya chuchu. Ukiona bajeti ya kopo haitafika miezi 6, sema mapema kliniki, usianze kuzimua.

Kuhusu kurudi kazini, kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 kwa mapacha, na ukirudi una haki ya mpaka saa 2 za kunyonyesha ndani ya siku ya kazi. Jambo ambalo wengi waliofiwa hawaambiwi: mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, sheria inakupa siku nyingine 84 za likizo ya uzazi yenye malipo ndani ya mzunguko huo huo wa likizo, yaani kile kipindi cha kuhesabia likizo. Kama mwajiri alikuhesabia ile ya kwanza kuwa imekwisha, ulizia.

Sisi wa mwaloni tunajipa likizo wenyewe. Nilipoanza kurudi kuanika dagaa, nilikamua alfajiri kwenye kikombe chenye mfuniko kilichooshwa kwa maji yaliyochemka, nikakiacha kivulini pasipo jua. Kwa joto letu hapa maziwa hayo yatumike ndani ya saa 4. Wifi humpa kwa kikombe, mtoto akiwa amekaa wima, akiyalamba taratibu bila kumiminiwa. Atakayoyabakiza yamwagwe.