Somo: Chaja ya kutunza betri ya gari la spoti linalolala kuliko linavyotembea

Wakuu habari zenu. Somo hili ni la wenye Subaru WRX, Toyota 86, Fairlady Z, RX-8, MX-5 na ndugu zao wa Ujerumani, magari ambayo hapa Mwanza hayatembei kila siku. Mwenyewe yuko mgodini Geita kwa zamu, au wiki nzima anaendesha Harrier kwa sababu njia ya kupandia kwake Isamilo ina mawe yanayokwangua bampa. Gari la raha linabaki chini ya turubai. Wiki tatu baadaye unabonyeza rimoti, kimya. Fundi anaitwa aje kubusti, na betri iliyokuwa nzima inaanza safari ya kufa.

Muuzaji wa chaja atakuambia habari za ampea. Mimi ampea naziangalia mwishoni. Kwa gari linalolala, chaja ninayoitaka ni ile inayojua kuacha kusukuma betri ikishajaa, na inayojua kuanza yenyewe umeme ukirudi. Ikikosa moja kati ya hayo mawili, hata iwe na skrini ya rangi saba, mwachie muuzaji.

Hatua ya 1: Ijue betri uliyonayo

Fungua boneti, au buti kama gari ni MX-5 ya vizazi viwili vya kwanza, usome maandishi. Betri za Kijapani zina namba kama 46B24L. Wengi wanadhani 46 ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Siyo. Ni daraja la nguvu. B ni kundi la upana na kimo, na 24 ni urefu wa betri kwa sentimita. Uwezo wake halisi ni karibu ampea-saa 36 kwa kipimo cha Kijapani cha saa 5. Ni betri ndogo, na ndiyo maana inakwisha haraka.

Kisha ujue aina yake. Kuna ya maji yenye vifuniko sita, kuna MF ambayo haiongezwi maji lakini ndani bado ina asidi ya majimaji, kuna AGM ambayo asidi yake imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo, na kuna lithiamu. Porsche walianza kutoa betri ya lithiamu kama nyongeza kwenye 911 GT3 ili kupunguza kilo zaidi ya 10, na siku hizi watu wanaifunga hata kwenye magari ya kawaida. Hii ya lithiamu inataka chaja iliyoandikwa wazi kuwa inaikubali. Hapo hakuna kubahatisha.

Hatua ya 2: Pima gari linakula kiasi gani likiwa limelala

Alamu, saa, kompyuta ya injini na kifaa cha kufuatilia gari vyote vinanyonya betri usiku na mchana. Chomoa waya wa hasi, pitisha multimita (mita ya kupimia umeme) kati ya waya huo na kichwa cha betri ukitumia tundu la ampea 10, funga gari, usubiri kama nusu saa kompyuta zilale. Usiwashe gari wala kufungua mlango mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi yake.

Ukisoma chini ya miliampea 50, gari ni zima. Sasa piga hesabu. Miliampea 40 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 1 kwa siku. Betri ya ampea-saa 36 inafika nusu kabla ya wiki tatu, bila kuhesabu kwamba betri yenyewe hujipunguza, na joto huongeza kasi hiyo. Gereji ya bati mchana wa Septemba unaijua.

Ukisoma miliampea 200 au 300, usinunue chaja kwanza. Tafuta fundi umeme wa magari. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa kwa waya wa kuungaunga, na chaja itaficha tu ugonjwa.

Hatua ya 3: Umeme wa nyumbani kwako

Hapa ndipo chaja nyingi zinapofia. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Chaja iliyokuja ndani ya buti la gari la mtumba, ukiichomeka ukutani bila kusoma, itatoa moshi siku hiyo hiyo. Tafuta maandishi ya umeme unaoingia. Yakisema 100–240V au 220–240V, endelea. Yakisema 100V peke yake, hiyo haikuhusu.

Halafu kuna kukatika. TANESCO wakikata saa nne usiku na kurudisha saa nane, chaja itafanya nini? Zipo zinazokumbuka zilipokuwa na kuendelea. Zipo nyingine zinarudi zikiwa zimelala, zinasubiri mtu abonyeze kitufe kuchagua betri. Uko Geita, nani atabonyeza? Mbaya zaidi ni ile ambayo umeme ukikosekana inaanza kunyonya betri ili iwashe taa zake. Dukani omba waiunganishe na betri, wazime swichi ya ukutani, wawashe tena, uangalie kwa macho yako. Muuzaji akikunja uso, nenda duka la pili.

Umeme ukirudi huja na kishindo. Fridge guard ile unayofungia friji inatosha kabisa kwa chaja ndogo, kwa sababu husubiri dakika chache volti zitulie kabla ya kuruhusu umeme upite.

Hatua ya 4: Volti

Betri ya maji au MF hujazwa kwa volti 14.4 hivi. AGM nyingi hutaka mpaka 14.7. Ikishajaa, chaja nzuri hushuka yenyewe hadi kati ya 13.2 na 13.8 na kubaki hapo, au hujizima na kuamka betri ikipungua. Huko kushuka ndiko kunakoitofautisha chaja ya kutunza na ile kubwa ya mtaani yenye transfoma na mishale, ambayo husukuma tu mpaka mtu aje kuichomoa. Ukiiacha hiyo wiki nzima, maji yanachemka, sahani za risasi zinaliwa, betri inavimba.

CTEK ya Sweden, NOCO ya Marekani na OptiMate ya Ubelgiji ni majina yenye heshima kwenye kazi hii. Kwenye baadhi ya chaja utakuta alama ya theluji. Hiyo ni ile 14.7, kwa AGM au kwa nchi za baridi. Mwanza baridi ya namna hiyo hatuna, kwa hiyo kama betri yako si AGM usiiguse. Na kitufe cha kufufua betri, kinachopandisha volti hadi 15.8 au zaidi, ni cha betri ya maji tu. Kabla ya kukibonyeza chomoa nyaya za gari, na usikitumie kabisa kwenye AGM wala lithiamu.

Nina wasiwasi na zile chaja za bei rahisi zinazojitambulia zenyewe kama betri ni ya volti 12 au 24. Ikikosea, kompyuta ya gari ndiyo inayolipa. Afadhali ya volti 12 peke yake.

Hatua ya 5: Ampea

Kwa kutunza, ampea 1 inatosha. Kwa kutunza na kujaza betri iliyoshuka, chukua 4 au 5. Kanuni ya mafundi ya asilimia 10 ya ampea-saa inafanya kazi vizuri: betri ya 60, chaja isizidi sana 6.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Chaja nyingi huja na vibanio na pia waya wenye vishikizo vya duara na fyuzi. Funga huo wa vishikizo moja kwa moja kwenye betri, uutokeze mahali unapofikika. Ukirudi na gari unachomeka tu, bila kufungua spana.

Ukitumia vibanio: chanya kwanza, kisha hasi kwenye chuma cha bodi mbali kidogo na betri, mwisho ndipo uwashe ukutani. Kutoa ni kinyume chake. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche karibu yake hulipua. Acha dirisha la gereji wazi, na anayevuta sigara akavutie nje. Kwenye MX-5 ya vizazi viwili vya kwanza, ambayo betri yake iko kwenye buti, hakikisha mipira ya kutolea hewa imechomekwa. Betri ya kawaida isiyo na mipira hiyo haifai kukaa ndani ya buti.

BMW, Mercedes na Porsche za karibuni zina kihisi kwenye kichwa cha hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukibana hasi juu ya kichwa chenyewe, kihisi hakioni kitu na gari linaendelea kuamini betri ni tupu. Tumia bodi au sehemu iliyoandaliwa na kiwanda.

Mwenye Porsche 911 ya toleo la 997 au Boxster ya toleo la 987 ana neno lake la pembeni. Betri iko mbele, na kifuniko cha mbele hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, hufiki kwenye betri! Kuna kipande cha chanya cha kuvuta kwenye boksi la fyuzi, chini mbele mahali pa kuwekea miguu, unachokipa umeme wa betri nyingine ili kifuniko kifunguke. Kijue kabla ya siku ya shida.

Hatua ya 7: Ihakiki kwa mita

Taa ya kijani isikutoshe. Baada ya kuwaka kijani na kukaa siku nzima, pima kwenye vichwa vya betri. Ukikuta 13.2 hadi 13.8, lala usingizi. Ukikuta bado 14.5 na kuendelea, irudishe dukani. Kisha chomoa chaja, acha gari usiku mzima, upime tena asubuhi: 12.6 au 12.7 ni betri ya maji iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. AGM iliyojaa hukaa karibu na 12.8 au zaidi. Ikikaa muda mrefu chini ya 12.4, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani, na hapo uwezo unaoupoteza haurudi wote.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, somo zuri. Lakini kwa nini nisichomoe tu waya wa hasi nikisafiri? Ni bure.

Kwa gari la zamani la kabureta, fanya hivyo, sina ugomvi nawe. Kwa gari la kompyuta, ukirudisha waya utaanza kazi: redio inadai namba ya siri, vioo vimesahau mwisho wao, sailensa ya injini (mzunguko wake gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka mpaka ijifunze upya. Alamu yenye betri yake ya ndani italia mtaa mzima. Na betri iliyochomolewa bado hujipunguza yenyewe polepole. Mwezi mmoja sawa, miezi minne hapana.

Mdau wa Igoma: Mimi kijana wangu huliwasha dakika kumi kila Jumamosi. Haitoshi?

Haitoshi, kaka. Altaneta kwenye sailensa hurudisha kidogo, na betri iliyoshuka inahitaji saa kadhaa kujaa, siyo dakika. Wakati huo injini haijapata joto, maji yanabaki kwenye ekzosi na petroli inachuruzika kwenye oili. Kama gari ni RX-8 mkataze kabisa: ukiizima ingali baridi, petroli hulowesha plagi na haitawaka tena kirahisi. Akitaka kulichangamsha, alipeleke mpaka Usagara na kurudi.

Dada wa Pasiansi: Naegesha kwenye uwanja wa wapangaji, hakuna soketi karibu, na kuvuta ekstensheni usiku naogopa mvua. Nifanyeje?

Dada yangu, ekstensheni kwenye mvua usijaribu. Chukua paneli ya sola ya wati 10 au 20 yenye kidhibiti chake. Wati 20 hutoa kama ampea 1 jua likiwa kali, na kwa saa tano za jua zuri unapata ampea-saa 5 wakati gari linakula 1. Hata mawingu ya masika hayakumalizi. Kidhibiti ni lazima, maana paneli tupu hufika volti 18 hadi 21. Na usiiweke nyuma ya kioo chenye tinti nyeusi, haitaona kitu.

Mdau wa Mabatini: Fundi wa betri hapa jirani anachaji vizuri na kwa bei poa. AGM yangu nimpelekee?

Muulize swali moja: mashine yake inaishia volti ngapi? Akijua jibu na ikawa haivuki 14.7, mpelekee. Akikuambia "inachaji mpaka ichemke", shukuru uondoke. Betri ya maji ikichemka unaongeza maji yaliyotoneshwa. AGM imefungwa, kilichotoka hakirudi.

Mdau wa Kirumba: Eti betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji inaisha nguvu?

Hiyo ni ya enzi za makasha ya mbao na mpira. Plastiki ya leo haivujishi umeme. Weka popote pakavu, mbali na watoto.

Mdau wa Buzuruga: Betri yangu ya maji imepungua. Maji ya chupa ya kunywa yanafaa? Au ya ziwa nikiyachemsha?

Yote mawili hapana. Ukichemsha unaua vijidudu, madini yanabaki, na madini ndiyo adui wa sahani. Nunua maji ya betri yaliyotoneshwa, yanauzwa kwenye maduka ya spea na vituo vingi vya mafuta. Ongeza baada ya kuchaji, siyo kabla, isipokuwa sahani zinaonekana kavu. Na usiongeze asidi hata fundi akikushawishi. Kilichopungua ni maji.

Mdau wa Ilemela: Chaja yangu mpya inakataa kabisa betri, inawasha taa nyekundu. Chaja mbovu au betri?

Pima betri kwanza. Chaja nyingi za kisasa hukataa betri iliyoshuka mno kwa sababu haziamini kama ni ya volti 12. Iunganishe sambamba na betri nzima kwa nyaya za kubusti, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, weka chaja, subiri kama robo saa ukiwa hapo hapo, kisha toa ile nzima. Ikikubali, iache ijae yote. Ikishajaa na kupumzika usiku mzima, ukasoma karibu 10.5, seli moja kati ya sita imekufa. Hakuna chaja ya kufufua hiyo. Chukua betri mpya, uangalie tarehe ya kutengenezwa kabla hujalipa.