Monita au TV kwa gemu za kompyuta: anza na umbali wa kiti

Kabla ya kuuliza bei, pima kutoka macho yako yatakapokuwa hadi skrini itakapokaa. Ukicheza mezani, chini ya mita moja, chukua monita. Ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha kabisa. TV ya inchi 32 iliyoandikwa HD tu, mara nyingi ina pikseli 1366 kwa 768. Ukiisogelea, maandishi ya ramani na idadi ya risasi yanakuwa na ukungu, na macho yanachoka mapema.

Kwenye kochi sebuleni, pedi mkononi, TV ni raha tupu, hasa kwa gemu za mpira na magari. Ila washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha, tafadhali! Bila hiyo TV inaichakata picha kwanza ndipo ikuoneshe: unabonyeza shuti, kumbe beki ameshakupokonya mpira.

Halafu Hz, yaani skrini inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. TV nyingi za bei ya kawaida zinaishia 60, na 120 ya kwenye boksi si ya kuaminiwa hivihivi. Mimi huenda dukani na laptop, naichomeka kwa waya wa HDMI, nafungua mipangilio ya skrini ya Windows na kusoma kiwango chenyewe. Kwa gemu za risasi, monita ndogo ya Hz 144 naichagua mbele ya TV kubwa ya 60, bila kusita.

Monita nyingi hazina spika, kwa hiyo tenga na hela ya hedifoni.