Namna ya kuandika historia ya mwanzo ya Makumbusho ya Nairobi

Ukiuliza makumbusho ya taifa ya Kenya yalianza lini, utapewa 1909, 1910, 1930, au "baada ya uhuru". Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anahesabu kitu chake: huyu anahesabu chama, yule mkusanyo, mwingine jengo, mwingine jina. Makala nyingi huchagua tarehe moja na kusonga mbele, kisha hujikwaa aya ya tatu zinapolazimika kueleza kwa nini jengo la 1930 lilipewa jina la gavana aliyekwisha kufa. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi au mwongoza watalii anayetaka kurasa kumi za historia hiyo zisizopingana zenyewe kwa zenyewe.

Anza na safu nne

Chora safu nne kwenye karatasi pana: chama, mkusanyo, jengo, jina. Kila tarehe unayoipata iingie katika safu moja tu. Ikikosa pa kuingia, bado hujaielewa, iweke kando.

Safu ya chama inaanza 1909, pale maafisa wa serikali, wamishonari na walowezi waliopenda elimu ya viumbe walipounda East Africa and Uganda Natural History Society. Miongoni mwao walikuwa Frederick Jackson, mjuzi wa ndege, na C. W. Hobley, afisa wa utawala. Walikuwa na ngozi za ndege, vipepeo na mimea iliyokaushwa, ila hawakuwa na pa kuviweka. Ndiyo maana safu ya mkusanyo inaanza mwaka mmoja baadaye, 1910, katika nyumba ndogo iliyokuwa pale inaposimama Nyayo House leo. Mwaka 1914 Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi, alichukua kazi ya mhifadhi.

Safu ya jengo ina vituo vitatu. Nyumba ya kwanza ilipojaa, 1922 likajengwa jengo kubwa zaidi mahali ilipo hoteli ya Nairobi Serena. Nalo lilipobana, serikali ikatenga ardhi kwenye kilima tunachokiita Museum Hill. Ujenzi ukaanza 1929 na milango ikafunguliwa rasmi tarehe 22 Septemba 1930. Safu ya jina ina Coryndon Museum tangu siku hiyo hadi baada ya uhuru wa 1963, lilipogeuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa. Kwenye safu hiyo hiyo andika 2006, mwaka wa sheria inayoiongoza taasisi sasa, ambayo iliunganisha sheria mbili za awali: moja ya makumbusho, nyingine ya mambo ya kale.

Sasa jaribu safu zako kwa swali gumu: mimea iliyokaushwa ya Herbaria ya Afrika Mashariki uiweke wapi? Herbaria hiyo iliasisiwa na Wajerumani huko Amani, milima ya Usambara, 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950, na leo iko chini ya taasisi. Mtoto kamzidi mama umri. Kama tarehe yako ya mwanzo ni ya mkusanyo, itabidi useme ni mkusanyo upi.

Coryndon hakuasisi kitu

Kosa hili limezagaa kiasi cha kustahili aya yake. Sir Robert Coryndon alikuwa gavana wa Uganda 1918 hadi 1922, kisha wa Kenya hadi alipofariki Nairobi Februari 1925. Alikuwa mtetezi wa chama, na jengo lilijengwa kwa kumkumbuka. Hivyo usiandike "makumbusho yaliyoanzishwa na Coryndon". Andika "yaliyopewa jina lake". Tahadhari hiyo hiyo imhusu Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, ambaye vijitabu vingi humfanya baba wa kila kitu. Alishika nafasi ya mhifadhi kwa kujitolea 1941, akawa mhifadhi kamili 1945, wakati taasisi imekwisha kutimiza miaka 30 na zaidi. Mchango wake mkubwa katika kipindi hicho, kwa maoni yetu, hauko kwenye mifupa: ni kuwafungulia milango Waafrika na Waasia.

Tafuta kwa majina ya wakati ule

Ukitafuta "Makumbusho ya Taifa ya Kenya" katika nyaraka za 1915 hutapata kitu, kwa kuwa hata Kenya yenyewe haikuwa na jina hilo rasmi kabla ya 1920. Tafuta East Africa Protectorate, jina la chama kwa ukamilifu, na Nairobi Museum. Jarida la chama lilianza 1910, na matoleo ya zamani yanasomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Usisome makala za wadudu tu: nenda kwenye kurasa za mwisho, kwenye ripoti za mwaka, hesabu za mweka hazina na orodha za wanachama. Huko ndiko utakakokuta nani alichanga kiasi gani na kabati zilinunuliwa lini.

Kwa magazeti ya Kiswahili tafuta maneno mawili, makumbusho na makavazi. Waandishi wa Kenya hulitumia la pili kwa jumba la maonyesho na pia kwa hifadhi ya nyaraka, kwa hiyo "Makavazi ya Kitaifa" inaweza kuwa Museum Hill au jengo la nyaraka la Moi Avenue. Soma sentensi nzima kabla ya kunakili tarehe.

Kwenye chumba cha nyaraka ingia na penseli, si kalamu ya wino. Omba faili kwa namba, na uandike namba hiyo juu ya kila ukurasa wa daftari lako kabla hujaanza kusoma. Ukiandika baadaye utasahau, na nukuu isiyo na namba ya faili haina kazi. Kama kazi yako ni utafiti rasmi, shughulikia mapema kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla hujapanga safari.

Lebo zinasema kuliko mawe ya msingi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hawafiki. Jiwe la msingi linakupa tarehe moja na jina la mkubwa mmoja. Lebo iliyofungwa kwenye mguu wa ndege aliyekaushwa inakupa mahali, siku, mkusanyaji na namba ya daftari. Lebo 50 za miaka ya mwanzo zitakuonyesha chama kilifika wapi, kwa njia ya reli au kwa miguu, na lini kazi ilisimama. Chora idadi ya vielelezo kwa mwaka, kisha angalia kinachotokea kuanzia 1914, vita vilipoanza.

Omba ruhusa ya msimamizi wa kitengo, na usiguse kitu hadi uelekezwe. Ngozi za zamani za ndege na wanyama zilipakwa sabuni yenye aseniki ili wadudu wasizile, na sumu hiyo haijaenda popote. Vaa glavu, usile wala kujishika usoni, nawa ukimaliza.

Kusoma lebo kuna mitego yake. Mwezi mara nyingi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi: 4.ix.1912 ni tarehe 4 Septemba. Majina ya mahali yamebadilika: Port Florence ni Kisumu, Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Lake Rudolf ni Turkana. Mtego mkubwa ni neno "Uganda". Hadi 1902 Naivasha na Kisumu zilihesabiwa upande wa Uganda. Mpaka uliposogezwa, zikahamia hii Kenya ya sasa. Kielelezo cha 1900 chenye "Uganda" huenda hakikuvuka mpaka wowote. Jubaland nayo, iliyo Somalia leo, ilikabidhiwa kwa Italia 1925, kwa hiyo kielelezo cha huko cha 1912 kilikuwa cha nyumbani kilipokusanywa.

Na usidhani kila kilichokusanywa kimo Nairobi. Loveridge alihamia Tanganyika, kisha 1924 akaenda kwenye jumba la elimu ya wanyama la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Sehemu ya hadithi yako inaweza kuwa kwenye rafu za mbali. Andika barua pepe kwa wahusika kabla ya kuandika "hakipo".

Majina yasiyoandikwa

Lebo humtaja aliyelipa safari, mara chache aliyekamata ndege. Ili usiandike historia ya Wazungu peke yao, pitia hesabu za mishahara na ripoti za safari, na tazama majina ya kisayansi. Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Leakey miaka mingi, amebaki katika jina heseloni la nyani wa kale wa kisiwa cha Rusinga, alilopewa 1993. Kamoya Kimeu, aliyeanza na familia ya Leakey 1960 huko Olduvai, yumo katika kimeui, jina la tumbili wa kale. Ni njia ndefu ya kumtafuta mtu, lakini inafanya kazi.

Fedha

Usigeuze rupia kuwa shilingi kwa kichwa. Kabla ya 1920, rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka huo rupia ilipandishwa hadi shilingi mbili za Kiingereza na nafasi yake ikachukuliwa na florini, kwa hiyo 10 zikatosha pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata, mbili kwa florini, 20 kwa pauni. Rupia 1,500 za mwaka 1918 ni pauni 100. Rupia hizo hizo katika hesabu za mwishoni mwa 1920 ni pauni 150. Acha kiasi kama kilivyoandikwa na uweke pauni pembeni.

Pa kusimamia

Usichanganye matawi na mwanzo wa Nairobi. Mkusanyo wa Stoneham huko Kitale ulianza 1926 ukiwa mali ya mtu binafsi, na jumba lake likafunguliwa 1974. Fort Jesus ilifunguliwa kuwa makumbusho 1960. Kila moja ina safu zake nne. Kwa Museum Hill, pazuri pa kukomea ni 1968, Richard Leakey, mwana wa Louis, anaposhika uongozi. Ukisonga mbele ya hapo utahitaji karatasi nyingine, yenye safu ya tano ya matawi.