Namna ya kulinganisha vinara wa mikimbio wa besiboli ya Marekani, karne ya 19
Usianze na jumla. Chukua mikimbio ya msimu, yaani mara ambazo mchezaji alizunguka vituo vyote akarudi nyumbani, ugawe kwa idadi ya mechi. Mwaka 1894 Billy Hamilton wa Philadelphia alipata 198 katika mechi 132: 1.5 kwa mechi. Ross Barnes wa Chicago, mwaka 1876, alipata 126, ila katika mechi 66 tu: karibu 1.9. Jumla pekee humdhulumu Barnes.

Angalia pia mwaka. Mwaka 1893 umbali wa kurushia mpira uliongezwa hadi futi 60 na inchi 6. Wapigaji wakanufaika, mikimbio ikafurika. Kwa hiyo mpime Hamilton dhidi ya wenzake wa msimu uleule.

Kwa jumla ya maisha, amua mapema kama unahesabu National Association, ligi ya kulipwa ya 1871–1875. Bila hiyo mchezaji Cap Anson hafiki mikimbio 1,800. Pamoja nayo anakaribia 2,000.